Je, wajua kwa nini somo la uendelevu halitoshi kumfanya mhandisi apunguze chuma?

Tuanze na boriti ya chuma inayobeba sakafu ya ofisi. Mhandisi ameipigia hesabu, mwenzake ameikagua, michoro imepitishwa. Wote wameridhika kwamba haitavunjika. Kuna swali ambalo mara nyingi halimo kwenye makaratasi hayo: boriti hii inatumia kiasi gani cha nguvu zake?

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Muiris Moynihan na Julian Allwood, walilichukua swali hilo kwa uzito. Walikusanya michoro ya majengo 23 ya fremu za chuma kutoka kampuni za uhandisi za Uingereza, wakapima boriti zaidi ya 10,000. Kwa wastani, boriti hizo zilikuwa zinatumia chini ya nusu ya uwezo wake. Uzalishaji wa chuma duniani unachangia kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, na zaidi ya robo ya chuma chote huishia kwenye majengo. Kwa hiyo nguvu inayokaa bure ndani ya boriti ina uzito wake angani.

Nilipokutana na matokeo hayo mara ya kwanza nilikuwa na jibu mkononi: wahandisi hawa hawakufundishwa habari za mazingira. Waongezewe somo, mambo yatanyooka. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, na bado nasikia watu makini wakisema hivyo. Lakini jibu hilo lina kasoro, tena kasoro zenyewe zinafundisha kuliko jibu.

Kasoro ya kwanza ni ya kihistoria. Neno uendelevu si geni katika vyuo vya uhandisi. Tume ya Brundtland, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kuangalia mazingira na maendeleo, ilitoa ripoti yake mwaka 1987, ikieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Bodi ya Marekani inayotoa ithibati kwa programu za uhandisi, ABET, ilikuwa imeshautaja uendelevu kwa jina katika vigezo vyake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2004 mkutano wa kimataifa wa walimu wa uhandisi ulitoa tamko kuhusu jambo hilohilo huko Barcelona, na Umoja wa Mataifa ukatenga muongo mzima, 2005 hadi 2014, kwa elimu ya maendeleo endelevu. Sifa za mhitimu zinazofuatwa na nchi za Mkataba wa Washington wa 1989, ambao ndio msingi wa nchi kutambuliana shahada za uhandisi, zilipitiwa upya mwaka 2021 zikaunganishwa waziwazi na Malengo ya Maendeleo Endelevu. Neno limekuwepo. Boriti hazikupungua kwa sababu ya neno.

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba mwanafunzi hufundishwa na mada peke yake. Mwanafunzi husoma pia namna anavyosahihishwa. Akiwa na somo moja linalomwambia kuwa rasilimali za dunia zina kikomo, na masomo mengine thelathini yanayompa alama kamili bila kumuuliza ametumia rasilimali kiasi gani, ameshajua lipi ni la kuandikia insha na lipi ni la kufanyia kazi. Somo la pembeni humfundisha kuuzungumzia uendelevu. Namna ya kuamua anaipata kwenye hesabu za kila wiki.

Kasoro ya tatu inagusa hata nia njema. Mwanasosholojia Erin Cech alifuatilia wanafunzi wa uhandisi katika vyuo vinne vya Marekani, tangu walipoanza hadi baada ya kuhitimu, na mwaka 2014 akachapisha alichokiona: uzito waliouweka kwenye ustawi wa jamii ulipungua kadiri masomo yalivyosonga. Hivyo ni vyuo vinne tu, vya nchi moja, na kilichopimwa ni maelezo ya wanafunzi wenyewe kuhusu majukumu yao kwa jamii, si mazingira moja kwa moja. Hata hivyo, matokeo hayo yanabomoa dhana kwamba wanafunzi huingia wakiwa hawajali, kisha chuo kikawafanya wajali.

Basi uendelevu unapotelea wapi? Kwa maoni yangu, unapotelea katika neno moja linaloanza karibu kila zoezi la uhandisi: umepewa.

“Umepewa boriti yenye urefu wa mita 12, imeegemezwa kwenye ncha zote mbili, inabeba mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita. Chagua boriti inayofaa.” Kilonewtoni moja ni takriban uzito wa kilo 100. Mwanafunzi anaanza kazi. Momenti ya kupinda, yaani ile juhudi ya mzigo kutaka kuikunja boriti, hupatikana kwa kuzidisha mzigo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa 8. Jibu ni kilonewtoni-mita 360. Anafungua jedwali, anachagua boriti nzito, anaandika kuwa inatosha.

Sasa tuiguse ile mita 12 ambayo hakuna aliyetakiwa kuigusa. Tuweke nguzo moja katikati, tutumie boriti mbili za mita 6. Mzigo kwa mita ni uleule, lakini momenti katika kila boriti inashuka hadi kilonewtoni-mita 90. Urefu umepungua mara mbili, momenti imepungua mara nne. Kunepa, yaani boriti kubonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, kunabadilika zaidi ya hapo: boriti ileile ikiwa na mita 12 hunepa mara 16 ya vile ambavyo ingenepa ikiwa na mita 6. Hata ukiiruhusu boriti ndefu inepe zaidi kulingana na urefu wake, kama kanuni zinavyoruhusu, bado unaihitaji iwe ngumu mara 8.

Uamuzi uliopandisha chuma ulifanyika kabla hesabu haijaanza, na ulikuja kwa mwanafunzi ukiwa umevaa joho la ukweli usiohojiwa. Kwa miaka minne anazoeshwa kuwa urefu ni kitu cha kupewa, kama uzito wa maji au kasi ya mwanga. Akienda kazini na kukuta msanifu ameshachora ukumbi usio na nguzo, hana mazoea ya kuuliza kama ukumbi huo unahitajika kweli. Somo la uendelevu alilifaulu, lakini halikuwahi kuligusa neno umepewa.

Upande wa pili wa mtego ni ile alama ya “isizidi” inayofunga zoezi. Ukaguzi wa boriti huandikwa kama uwiano: mahitaji yakigawanywa kwa uwezo yasizidi 1. Boriti yenye uwiano wa 0.97 inapita. Yenye 0.48 inapita pia. Kwenye mtihani zote mbili zina alama sawa.

Mfikirie fundi cherehani aliyepewa sharti moja tu, kwamba nguo isimbane mteja. Fundi huyo hatakosea kamwe akishona kanzu pana. Ukimpa mteja mwembamba, kanzu pana inamfaa. Ukimpa mnene, inamfaa. Baada ya muda atagundua kwamba kupima mwili kunamchelewesha tu, maana hakuna aliyewahi kumrudishia nguo kwa kuwa kitambaa kimezidi. Hana uvivu wala ubaya. Sharti alilopewa lina ukuta upande mmoja, na upande wa pili liko wazi hadi upeo wa macho. Ongeza sharti la pili, kwamba kitambaa kinachobaki kirudishwe kwa mwenyewe, na fundi yuleyule ataichukua tepe bila kuhubiriwa.

Hapa ndipo hukumbana na pingamizi ambalo mimi mwenyewe nililitoa zamani: hiyo ziada si ndiyo usalama? Hapana. Usalama umeshawekwa kabla ya uwiano kuandikwa. Katika kanuni za Ulaya, kwa mfano, mzigo wa kudumu wa jengo kwa kawaida huzidishwa kwa 1.35 na mzigo wa watu na vitu kwa 1.5, ndipo hesabu ianze. Kwa hiyo boriti yenye uwiano wa 1 haiko ukingoni mwa kuvunjika. Inabeba mzigo uliokwisha kuongezwa makusudi, na bado inatosha. Boriti ya 0.48 ina ziada juu ya ziada, na hiyo ya pili haikukusudiwa na yeyote.

Si kwamba kila ziada ni ubadhirifu. Boriti huuzwa kwa ukubwa maalumu, na mara nyingi ile inayotosha barabara haipo kiwandani. Sakafu yenye nguvu ya kutosha inaweza kutetemeka watu wakitembea, ikalazimu boriti nzito. Kurudia ukubwa mmoja mahali pengi hupunguza makosa na muda wa mafundi, na pale ambapo kazi ya mikono ni ghali kuliko chuma, bei humwambia mhandisi afanye hivyo. Tena jengo lenye nguvu ya akiba linaweza kubadilishiwa matumizi baadaye badala ya kubomolewa, na hilo nalo ni uendelevu. Lakini akiba iliyoamuliwa huwa na sababu iliyoandikwa. Wastani wa chini ya nusu unaonyesha kwamba nyingi haikuamuliwa. Wala kukata uwezo nusu si kukata uzito nusu, kwa kuwa nguvu ya boriti inategemea sana kimo chake, hivyo nguvu na uzito havipandi pamoja kwa mstari mnyoofu.

Kuna vyuo vilivyojaribu kuanzia kwenye tatizo badala ya kuanzia kwenye umepewa. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kimefanya hivyo tangu kilipoanzishwa mwaka 1974: takriban nusu ya muhula wanafunzi hufanya mradi kwa makundi, na kazi yao ya kwanza ni kulifafanua tatizo lenyewe. Wengine huweka hesabu ya hewa ukaa kando ya hesabu ya nguvu katika zoezi lilelile, ili mwanafunzi aandike kilo za chuma na kilo za hewa ukaa kama anavyoandika uwiano. Njia hizi zinanivutia sana, lakini ushahidi wake bado ni mwembamba mahali panapohusika zaidi. Tafiti nyingi za elimu ya uendelevu hupima mtazamo wa mwanafunzi mwishoni mwa somo. Kupima michoro aliyoitoa miaka kumi baadaye, kama Moynihan na Allwood walivyopima boriti, ni kazi nyingine kabisa.

Halafu kuna mhadhiri. Zoezi la zamani lina jibu moja, kilonewtoni-mita 360, na msaidizi anaweza kusahihisha karatasi mia mbili kwa jioni moja. Liandike upya: “Sakafu ya mita 12 kwa 24 itabeba watu na madawati. Amua nguzo zikae wapi, chagua boriti, eleza kila kilo ya chuma iliyo juu ya mahitaji.” Sasa karatasi mia mbili zina majibu mia mbili. Baadhi yana nguzo mlangoni, mengine yana boriti nyepesi lakini misingi mikubwa kuliko kawaida, na kila moja linahitaji mtu anayejua kazi alisome hadi mwisho. Mhadhiri huyo mara nyingi alibobea katika tawi moja jembamba, mtaala wake umejaa, na kupandishwa kwake cheo kunategemea zaidi utafiti kuliko masaa ya kusahihisha. Naye amepewa swali lenye ukuta upande mmoja tu.