Gharama ya Paa la Mabati: Maana Yake na Mambo Yanayoipandisha

Gharama ya paa la mabati ni jumla ya fedha zinazotumika kuifunika nyumba kwa mabati, tangu kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinapoandaliwa hadi kofia (bati la kufunika kilele cha paa) ya mwisho inapofungwa, pamoja na matunzo ya miaka inayofuata. Wenye nyumba wengi huihesabu kwa kuzidisha bei ya bati moja kwa idadi ya mabati, na hapo ndipo makadirio yao huanza kupotoka, kwa sababu bati ni sehemu tu ya hesabu, na hata sehemu hiyo huwa kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na eneo. Paa linaloonekana kufunika mita za mraba 100 likipimwa usawa wa ardhi, penu zikiwemo, lina eneo kubwa zaidi juu, kwa kuwa limeinama: likiwa na mteremko wa nyuzi 30 litahitaji takriban mita za mraba 115 za mabati, na likiwa na nyuzi 45 litahitaji takriban 141. Juu ya hapo kuna kupandana. Tuseme bati lina upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 3, na likishalaliwa na jirani zake linabakiza upana wa sentimita 76 na urefu wa mita 2.85, mnunuzi amelipia mita za mraba 2.7, lakini kinachofunika nyumba ni kama 2.17 tu, yaani karibu sehemu moja ya tano imekwenda kwenye maungio. Kwa hiyo bei ya kulinganisha kati ya muuzaji mmoja na mwingine ni ya mita ya mraba inayofunika. Paa lenye pembe nyingi na mabonde (mikunjo ambamo miteremko miwili hukutana) huongeza vipande vinavyokatwa na kutupwa, huhitaji kofia na mifereji zaidi, na humchukua fundi siku nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, umbo la paa ndilo jambo ambalo mwenye nyumba angeweza kuokoa nalo fedha nyingi, ila hulifikiria wakati msingi umekwisha kumwagwa.

Ubora wa bati lenyewe hutegemea unene na kinga yake. Unene hutajwa kwa geji, na geji huenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 32. Ni salama zaidi kudai unene uandikwe kwa milimita, na kuuliza kama ni unene wa chuma kitupu au umejumuisha rangi. Kinga ni tabaka la zinki, au mchanganyiko ambao kwa kawaida huwa na asilimia 55 ya alumini na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki, na wingi wake hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Mabati mawili yenye rangi moja na unene mmoja yanaweza kutofautiana sana bei kwa sababu ya kinga hiyo ambayo jicho halioni. Karibu na bahari, ambako chumvi hula chuma haraka, mabati ya alumini yanaweza kuwa nafuu kwa muda mrefu ingawa bei yake ya kuanzia ni kubwa.

Bati la chuma la milimita 0.4 lina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita ya mraba, ilhali vigae vya zege huzidi kilo 40, na kwa hiyo mbao za kubeba mabati huwa chache na nyembamba zaidi. Wepesi huo, hata hivyo, huliweka paa katika hatari ya kung'olewa na upepo, na fedha za kufungia kenchi kwenye kuta hazifai kupunguzwa.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoharibu paa zuri. Skrubu zenye mpira huvuja mpira unapochakaa, mara nyingi kabla bati halijaisha, na kuzibadilisha ni gharama ya kutarajiwa. Fundi anayekata bati kwa mashine ya diski huunguza kinga kwenye ukingo na kutawanya cheche zinazopandisha kutu. Makasi ya bati yanafaa zaidi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba nayo hula zinki upesi. Kelele za mvua na joto la mchana hupunguzwa kwa dari na kizuia joto, ambavyo vikaratasi vingi vya bei havivitaji kabisa.

Dhamana nayo isomwe kabla ya malipo. Kupauka kwa rangi na kutoboka kwa bati huweza kuwa na masharti tofauti na miaka tofauti, nyumba za pwani huweza kuwekwa nje ya dhamana, na ahadi ya kumpa mteja bati jipya si lazima ijumuishe ujira wa kulishusha la zamani na kulipandisha hilo jipya.