Mkono wa kubebea tairi la akiba: unavyofanya kazi na unavyojengwa

Nyuma ya Land Cruiser na Defender nyingi zinazotoka Mombasa kuelekea Tsavo, tairi la akiba halikai mlangoni wala chini ya gari. Limefungwa kwenye fremu ya chuma iliyosimama juu ya bampa. Fremu hiyo ina bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili. Ukitaka kufungua mlango wa nyuma unalegeza komeo, unauvuta mkono, nao unazunguka kando pamoja na tairi lake. Huo ndio mkono wa kubebea speya, na wengi wanaokwenda kwa fundi kuutengenezesha hufikiri kazi yote iko kwenye bawaba. Mimi naona kazi kubwa zaidi iko upande wa pili, kwenye komeo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, haja yake. Kiwandani tairi la akiba huwekwa chini ya sakafu ya nyuma au kwenye mlango. Chini ni pazuri mpaka uweke matairi makubwa zaidi, au utie tangi la pili la mafuta: nafasi inakwisha. Hata likiingia, linaning'inia na kukwaruza ukipanda ukingo wa korongo, na siku ya pancha unalala kwenye matope kulitoa. Juu ya paa linakaa, lakini linapandisha uzito wa gari juu, gari linalala zaidi kwenye kona, na kuliteremsha ni kazi ya watu wawili. Mlangoni ndipo wengi wanapoishia. Mlango wa Defender au wa Prado ulipimwa kwa tairi la kiwandani. Ukiongeza ukubwa, na ukapita kwa kasi kwenye murram yenye vijituta kutoka Buchuma kuingia mbugani, bati la mlango huanza kupasuka karibu na bawaba na mlango hushuka hadi haufungi bila kuinuliwa.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu huu ni urembo tu. Tairi la 265/75R16 na rimu yake ya chuma lina takriban kilo 35. Ukifika tairi la kimo cha inchi 33 unakaribia kilo 40. Tuchukue 40. Katikati ya tairi iko, tuseme, sentimita 60 kutoka kwenye mhimili wa bawaba. Mkono ukiwa wazi, uzito wote huo unashikiliwa na bawaba peke yake, na bawaba ina beringi mbili, moja juu na moja chini. Ya juu inavutwa kuelekea tairi, ya chini inasukumwa upande wa pili. Kama umbali kati ya beringi hizo ni sentimita 10, kila moja inabeba nguvu ya uzito mara sita, yaani kama kilo 240, na hapo sijahesabu uzito wa mkono wenyewe. Tenganisha beringi hadi sentimita 20, nguvu inashuka hadi kilo 120. Hujanunua chuma kinene zaidi wala beringi ya bei. Umeongeza urefu wa nguzo ya bawaba tu. Ndiyo maana mhimili mfupi ni kosa, hata ukiwa mnene.

Hizo kilo 240 ni za gari lililosimama. Gari linapoangukia shimo, uzito unaweza kuzidi mara tatu kwa kitambo kidogo, na nguvu kwenye beringi ingefika kama kilo 720. Ingefika, nasema, kama mkono ungekuwa bado unaning'inia upande mmoja. Geti la nyumbani lililofungwa halifai liendelee kuning'inia kwenye bawaba zake. Linatakiwa liegemee nguzo ya pili. Mkono wa speya nao ni hivyo. Upande wa komeo panachomelewa kitako, kipande cha chuma chenye mteremko mdogo, ili mkono unapofungwa ukwee juu yake milimita mbili au tatu na uzito utulie pale. Tairi likiwa katikati ya mkono wa sentimita 120, kila ncha inabeba kilo 20, na shimoni zinakuwa 60. Linganisha 60 na 720 utaona kwa nini nasema komeo na kitako ndivyo vinavyoamua maisha ya mkono. Bawaba inafanya kazi yake nzito dakika chache ukiwa umesimama. Komeo linafanya kazi kilomita zote.

Komeo lenyewe liwe la kubana kwa wenzo, lile linalovuka kitovu chake na kujikaza, na liubane mkono dhidi ya raba ngumu. Mkono ukibaki na mchezo hata wa milimita moja utagonga, na kitu kinachogonga hupasuka. Ongeza pini ya pili ya usalama, kwa sababu wenzo huweza kufunguka wenyewe kwenye mtikisiko mrefu. Kumbuka pia kwamba tairi halikai ndani ya mstari wa mkono; linatokeza nyuma yake sentimita 15 au 20, kwa hiyo linaupinda mkono kama anayetaka kulala chali. Raba moja zaidi juu, ikigusana na fremu, inazuia hilo.

Kwa mhimili, njia inayojulikana zaidi kwa mafundi wa jua kali ni kutumia spindo na habu ya trela ndogo, yaani ekseli fupi na kitovu cha gurudumu kinachoizunguka, ikisimamishwa wima. Beringi zake ni za roli zenye umbo la pia, zinapatikana kwa wauza speya, zina sili ya mafuta, na zinakazwa kwa nati ya katikati na kufungiwa pini. Wengine huchonga nguzo kwa mashine na kutia bushi za shaba nyeusi. Zote mbili zinafaa, mradi umbali kati ya sehemu mbili za kushikilia uwe mrefu na pawe na tundu la kupigia grisi. Jambo moja mafundi hulisahau: toa beringi kabla ya kuchomelea. Umeme wa kuchomelea ukipita ndani ya beringi unaacha vidonda vidogo kwenye vyuma vyake, na haitadumu.

Mkono wenyewe, bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 4 linatosha kwa gari la kawaida la porini, na mita moja yake ina kilo 5 na nusu hivi. Mpasuko hauji katikati ya bomba wala kwenye chuma cha kuchomelea. Huja pembeni tu mwa mshono, pale moto ulipobadilisha chuma na ugumu ukabadilika ghafla. Vipande vya pembetatu kwenye pembe husaidia, mradi visikomee ghafla katikati ya ukuta mwembamba wa bomba.

Na yote hayo hayana maana kama bampa imefungwa kwenye bati la bodi. Nguzo ya bawaba lazima ifike kwenye chasisi, kwa bamba la milimita 8 au 10 na bolti za daraja la nguvu la 8.8, kupitia matundu yaliyopo. Mimi sipendi kuichomelea chasisi yenyewe. Ikibidi kuchomelea chochote gari likiwa limesimama hapo, ondoa waya hasi wa betri, bana waya wa kurudisha umeme karibu kabisa na mshono, na ujue tangi la mafuta liko wapi. Bomba lililopakwa zinki lisagwe zinki yake kwanza. Moshi wake humtia fundi homa na kutetemeka usiku ule.

Hapa kwetu kuna adui ambaye fundi wa bara hamfikirii sana, nayo ni chumvi. Gari linalovuka Likoni kila siku, au linalolala Nyali karibu na bahari, linaliwa kutoka ndani. Bomba la mkono lizibwe kabisa ncha zote, au liachwe na tundu la kutoa maji chini. La katikati, lililozibwa nusu, ndilo baya kuliko yote: maji yanaingia na hayatoki, na rangi ya nje inabaki nzuri huku ndani pameoza. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia macho, lakini zikikaa ndani ya chuma cha kawaida kwenye unyevu wa chumvi, chuma cha kawaida kinachozizunguka kinaliwa haraka zaidi. Afadhali bolti zilizopakwa zinki na grisi ya boti. Na rangi ipigwe baada ya kusaga mshono na kufuta mafuta, msingi wa zinki kwanza.

Upande wa kuweka bawaba unaamuliwa na mlango. Mlango ukifunguka kwa bawaba za kulia, kama RAV4 za zamani na Defender, mkono nao uzungukie kulia, la sivyo utafungua viwili vigongane. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara unapakia mizigo ukiwa upande wa salama. Weka pia kishikio cha kuuzuia mkono ukiwa wazi, pini au shokabsoba ya gesi, kwa maana kwenye mteremko kilo 40 na zaidi zinazozunguka zenyewe zinavunja mkono wa mtoto.

Tairi litaziba kibao cha namba, pengine na taa ya breki ya juu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka namba ionekane na iwe na mwanga, basi ihamishe pamoja na taa yake, uache waya wa ziada kwenye bawaba ili usikatike kila unapofungua. Bolti za kushikia tairi ziwe za kipimo kile kile cha magurudumu yako, ili spana moja itoshe: tundu sita zilizopangwa kwenye duara la milimita 139.7 kwa Prado na Hilux, tano kwenye duara la 165.1 kwa Defender za zamani. Nati moja iwe ya kufunguliwa kwa ufunguo maalumu.

Usisahau ekseli. Mkono na tairi pamoja vikiwa kilo 80, na viko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma kwenye gari la mita 2.7 kati ya ekseli, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 115 hivi na ya mbele inapunguziwa 35. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, springi za nyuma zinachoka. Mwenye matairi ya kiwandani ambaye safari zake ni Bamburi na Mtwapa hana sababu ya kubeba mzigo huo.

Ukishaujenga, ufungue na tairi likiwa juu yake, upime kutoka ncha ya mkono hadi chini kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi ukiwa uleule, na uandike namba hiyo ndani ya kifuniko cha bawaba. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya kaza bolti zote upya na upime tena. Ncha ikiwa imeshuka, usikimbilie kuinua kitako. Kwanza shika tairi ulitikise juu na chini. Likicheza, kaza beringi. Lisipocheza, safisha rangi pembeni mwa mishono ya nguzo na utafute ufa.