Shira ya mepo: madini yapo, lakini sukari ndiyo nyingi

Mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa kupunguza sukari kwenye chai asidhani ataokolewa na shira ya mepo (maple), yaani utomvu wa mti uliochemshwa hadi ukawa mzito na mtamu. Dai kwamba utamu huu hauna madhara kwa sababu ni wa asili limeenea, na sisi wataalamu wa lishe linatutia wasiwasi.

Ni kweli unatoka mtini. Mepo inayogemwa ni miti ya Amerika ya Kaskazini, na jimbo la Quebec nchini Kanada linaongoza duniani kwa kuzalisha shira yake. Wenyeji wa asili wa huko waliigema miti hiyo kabla Wazungu hawajafika. Utomvu hutiririka baridi inapoelekea kwisha, usiku kukiganda na mchana kukipata joto. Ukitoka ni mwepesi kama maji, sukari yake asilimia 2 hivi, kwa hiyo huchemshwa takriban lita 40 ili kupata lita 1. Baada ya maji mengi kukauka, sehemu kubwa inayobaki ni sukrosi, ileile ya sukari ya miwa.

Madini yapo. Gramu 100 zina takriban miligramu 2.9 za manganizi na 1.3 za vitamini B2, pamoja na kalsiamu, potasiamu na zinki kidogo. Lakini nani anywe gramu 100 za shira? Kijiko cha mezani huchukua kama gramu 20, na 12 kati ya hizo ni sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, ni bora zaidi. Vijiko viwili vinakaribia kuumaliza mgao huo. Manganizi itafute kwenye dona, maharage na karanga. Vitamini B2 kwenye maziwa, mayai na maini.

Shira ya mepo huipandisha sukari ya damu taratibu kidogo kuliko sukari nyeupe, ila tofauti ni ndogo. Anayetumia insulini aihesabu kama sukari.

Ukinunua, soma viambato: halisi ina kimoja tu. Nyingi za bei rahisi ni shira ya mahindi iliyotiwa ladha na rangi. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe. Chupa ikishafunguliwa ikae kwenye friji, maana huota ukungu.