Je, zana inayotoa matoleo mengi ndiyo iliyo hai zaidi?

Msanidi programu anayetaka kuchagua kati ya zana mbili zinazofanya kazi ileile huwa na desturi ya kutazama orodha ya matoleo: la mwisho lilitoka lini, na mwaka uliopita yalitoka mangapi. Zana iliyotoa matoleo kumi na mawili huhesabiwa kuwa hai, iliyotoa moja huhesabiwa kuwa imechoka, na ambayo haijatoa lolote kwa miaka mitano hudhaniwa kuwa imetelekezwa na wenyewe. Je, hesabu hiyo inapima kweli kile inachodhaniwa kupima? Jibu ni kwamba inapima zaidi ratiba ambayo watengenezaji wamejiwekea, na kwa kiasi kidogo sana inapima wingi wa kazi, ubora au uhai wa zana yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni TeX, programu ya kupanga maandishi kwa ajili ya uchapaji, ambayo Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpaka leo wanahisabati na wanafizikia wengi duniani huandika makala zao kwa mfumo wa LaTeX uliojengwa juu yake. Kila toleo jipya la TeX huongeza tarakimu moja tu ya pai katika namba yake: lile la Januari 2014 ni 3.14159265, na lililofuata, la Januari 2021, ni 3.141592653. Knuth hukusanya taarifa za hitilafu, huzipitia kwa pamoja baada ya miaka kadhaa, na muda kati ya mapitio unazidi kurefuka kwa makusudi. Anayegundua hitilafu ya kweli hulipwa dola 327.68, na Knuth ameagiza kwamba baada ya kifo chake namba ya toleo iwe pai yenyewe na msimbo usiguswe tena. Kati ya matoleo hayo mawili ya TeX, kivinjari cha Chrome kilitoka namba 32 kikafika namba 88, huku namba 82 ikirukwa kwa sababu ya janga la korona. Ukihesabu matoleo peke yake utalazimika kusema kwamba TeX ilikuwa imekufa kwa miaka saba, ilhali katika miaka hiyohiyo ilikuwa ikichapa makala za kisayansi kila siku.

Tofauti hii haitokani na bidii ya upande mmoja na uvivu wa upande mwingine. Chrome hupokea kurasa kutoka kwa watu wasiojulikana, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa nia ya kushambulia kompyuta ya msomaji, na viwango vya wavuti inavyopaswa kuvifuata hubadilika kila wakati. TeX husoma faili ambalo mara nyingi mwandishi ameliandika mwenyewe, na kanuni za kuvunja aya katika mistari hazibadiliki kwa sababu soko limebadilika. Zana inayokaa mahali penye msukosuko hulazimika kutoa matoleo mara kwa mara, na iliyo mahali tulivu haina sababu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha zana mbili kwa kigezo hiki, sharti la kwanza ni kwamba ziwe zinakaa katika mazingira yanayofanana, na sharti hilo husahauliwa mno.

Dhana potofu yenyewe ina asili inayoeleweka. Utafiti wa DORA, uliofanywa kwa miaka mingi kuhusu utendaji wa timu za programu, uliorodhesha mara ambazo timu hupeleka mabadiliko kwenye mfumo unaotumika kuwa miongoni mwa vipimo vyake vinne vikuu, pamoja na muda ambao badiliko huchukua kufika huko, sehemu ya mabadiliko yanayoleta hitilafu, na muda wa kurejesha huduma ikianguka. Matokeo yake yalionyesha kwamba timu zinazopeleka mabadiliko mara nyingi huwa pia imara zaidi. Lakini utafiti huo umetegemea kwa sehemu kubwa majibu ya hojaji, na ulihusu hasa timu zinazohudumia mifumo yao wenyewe, ambako anayebadilisha msimbo ndiye pia anayesimamia seva. Zana ya wasanidi ni jambo jingine, kwa kuwa kila toleo jipya huacha kazi mikononi mwa maelfu ya watu wengine: kulipakua, jambo ambalo kwa anayetumia bando ni gharama ya moja kwa moja, kisha kulijaribu, kusoma kilichobadilika na kurekebisha kilichovunjika. Kuchukua kipimo kimoja kati ya vinne, na kukihamishia mahali ambapo hakikupimwa, ni kukibebesha mzigo kisioweza kuubeba.

Kwa nini basi miradi mingi mikubwa imehamia kwenye matoleo ya haraka katika miaka kumi na mitano iliyopita? Hapa ndipo penye utaratibu unaostahili kuelezwa kwa subira. Toleo la nane la lugha ya programu ya Java, yaani Java 8, lilitoka Machi 2014, na Java 9 haikutoka mpaka Septemba 2017, yaani miaka mitatu na nusu baadaye, kwa sababu kuu kwamba ilikuwa ikisubiri mfumo mpya wa moduli ulioitwa Jigsaw. Mwezi huohuo wa Septemba 2017 Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java katika kampuni ya Oracle, alipendekeza kwamba kuanzia hapo toleo litoke kila miezi sita, Machi na Septemba, liwe na mengi au machache. Tangu hapo ratiba hiyo imefuatwa, na Java 25 ilitoka Septemba 2025.

Linganisha daladala inayosubiri kujaa na basi la mkoani linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi. Katika daladala, abiria waliokwisha kuketi huchelewa kwa sababu ya abiria ambaye bado hajafika, na kama aliyechelewa ni mtu mkubwa hakuna anayethubutu kuondoka bila yeye. Ndivyo maboresho madogo ya Java yaliyokuwa tayari yalivyomngoja Jigsaw. Tena, kwa kuwa hakuna ajuaye gari lijalo litaondoka lini, kila mtu hung'ang'ania kuingia katika hili lililopo, hata kama mizigo yake haijafungwa vizuri, na mizigo ya namna hiyo hufunguka njiani. Basi la saa kumi na mbili halimngoji yeyote. Aliyechelewa anajua kwamba kesho kuna jingine, kwa hiyo hana sababu ya kulikimbilia na furushi ambalo halijakamilika, na dereva hana sababu ya kumhurumia. Lakini siku nyingine basi hilo huondoka nusu tupu, na ndivyo ilivyo kwa baadhi ya matoleo ya Java, ambayo yana mambo machache tu anayoweza kuyahisi msanidi wa kawaida.

Faida ya ratiba, kwa hiyo, haitoki katika wingi wa safari. Inatoka katika kupungua kwa shinikizo la kuingiza jambo ambalo halijaiva, na katika udogo wa kila furushi la mabadiliko, kwa kuwa furushi dogo likileta hitilafu ni rahisi kumtambua mhusika. Java ikihesabiwa kwa matoleo itaonekana kuwa imeongeza kasi mara saba baada ya 2017. Kilichoongezeka kwa kiwango hicho ni idadi ya safari peke yake, ilhali kazi iliyokuwa ikifanywa kwa miaka mitatu na nusu sasa imegawanywa katika mafungu saba.

Lugha ya Rust, iliyofikia toleo 1.0 tarehe 15 Mei 2015, imeuendeleza utaratibu huu kwa ukamilifu unaopendeza kuutazama. Hutoa toleo kila wiki sita, lakini hakuna badiliko linaloandikwa wiki hii na kumfikia mtumiaji wa kawaida wiki ijayo. Kwanza huingia katika mkondo unaojengwa kila usiku, kisha hukaa wiki sita katika mkondo wa majaribio, na hapo ndipo hufika katika mkondo thabiti. Wakati huo programu iitwayo Crater inaweza kuchukua vifurushi vya Rust vilivyochapishwa hadharani na kuvijenga upya kwa kompaila mpya, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ili kuona ni vipi vitakavyovunjika. Anayeona toleo jipya kila wiki sita na kudhani kwamba mambo yanaharakishwa anakosea, kwa sababu muda wa kusubiri umo ndani ya ratiba ingawa hauonekani katika idadi ya matoleo. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux nacho hufuata mpangilio unaokaribiana na huo: wiki mbili za kupokea mabadiliko mapya, kisha wiki saba au nane za kurekebisha tu, huku Linus Torvalds, mwanzilishi wake, akitoa toleo la majaribio karibu kila Jumapili.

Kuna pia matoleo ambayo hayatokani na ratiba yoyote, na haya huipotosha hesabu zaidi. Desemba 2021 maktaba ya Log4j, inayotumika katika programu nyingi za Java kuandika kumbukumbu za matukio, ilitoa 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 ndani ya mwezi mmoja. Sababu ilikuwa dosari ya usalama iliyopewa jina la Log4Shell, pamoja na nyufa nyingine zilizogunduliwa wakati ya kwanza ikizibwa. Wingi huo ulikuwa dalili ya dharura, na kwa wakati uleule ulikuwa dalili ya watu waliofanya kazi usiku na mchana kuizima. Hesabu peke yake haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili uitilie maanani.

Mfano mwingine unatugusa kwa karibu. Hifadhidata ya majira ya saa inayosimamiwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za mtandao, na ambayo simu na kompyuta nyingi duniani huitegemea kujua saa za eneo, hutoa matoleo kadhaa kwa mwaka pale serikali zinapobadili saa zao. Toleo 2021a lilitoka kwa sababu Sudan Kusini iliamua kurudisha saa nyuma kwa saa moja kuanzia tarehe 1 Februari 2021, na hivyo kuachana na majira inayotumia Kenya, Uganda na Tanzania. Hakuna msimbo ulioharibika wala kipengele kilichobuniwa. Uamuzi uliofanywa Juba ulihitaji kufika katika kompyuta za dunia nzima. Kuihukumu zana kama hii kwa idadi ya matoleo ni kuzihukumu serikali.

Tukio linaloonyesha kwamba dhana hii inaweza kuleta hatari ni lile la xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika karibu mifumo yote ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin. Mwaka 2022 majina fulani yalianza kumlalamikia hadharani kwamba mradi unakwenda polepole, na yakashinikiza aongezwe msimamizi mwingine. Aliyeongezwa alijiita Jia Tan, na katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya Februari na Machi 2024 alificha mlango wa siri ambao ungeweza kumruhusu kuingia katika seva kupitia SSH, njia ya kuingia katika kompyuta kwa mbali. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba walalamikaji wale walikuwa sehemu ya mpango huohuo, ingawa jambo hilo halijathibitishwa. Mhandisi Andres Freund aliligundua baada ya kushangazwa na kuingia kwa SSH kulikokawia kwa takriban nusu sekunde, akalitangaza tarehe 29 Machi 2024. Waliofikiwa na matoleo hayo walikuwa hasa watumiaji wa mikondo ya haraka, kama ile ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina mbili za mfumo wa Linux, na Debian thabiti, ambayo huchelewa kupokea matoleo mapya kwa kanuni, haikuguswa. Haifuati kwamba kuchelewa ni salama siku zote, kwa maana aliyechelewa kusasisha Log4j alikuwa hatarini kila saa. Ila lawama ya polepole, iliyotolewa kana kwamba polepole ni kosa kwa nafsi yake, ndiyo iliyotumika kumchosha msimamizi mwaminifu.

Mwenye kulinganisha zana kwa haki angetazama mambo mengine kwanza. Dosari ya usalama ikiripotiwa, rekebisho huchukua siku ngapi kutoka? Kila toleo huhudumiwa kwa muda gani? Toleo jipya huvunja msimbo wa zamani mara ngapi? Lugha ya Go hutoa matoleo mawili kwa mwaka, Februari na Agosti, na bado tangu Machi 2012 namba yake huanza na 1, kwa sababu imeahidi kwamba programu zilizoandikwa kwa Go 1 zitaendelea kujengeka. Hifadhidata ya SQLite hutoa matoleo kadhaa kwa mwaka, huku muundo wa faili la toleo lake la tatu, lililoanza 2004, ukiendelea kusomeka, na waandishi wake wamesema wanakusudia kuihudumia hadi 2050. Lugha ya Python nayo ilipunguza muda kati ya matoleo makuu kutoka takriban miezi 18 hadi 12 kuanzia 3.9, iliyotoka Oktoba 2020, lakini kila toleo likaendelea kuhudumiwa kwa miaka mitano. Hivyo matoleo matano huwa hai kwa pamoja, na anayetunza maktaba ya Python akitaka kuyahudumia yote hulazimika kuijaribu katika yote matano.

Hatimaye kuna mwendo wa mtumiaji, ambao mara nyingi hautambuliwi na orodha ya matoleo. Kati ya matoleo ya Java yanayotoka kila miezi sita, machache huteuliwa kuhudumiwa kwa muda mrefu: 11, 17, 21, na sasa 25. Taasisi nyingi hutoka moja kwa moja katika 17 kwenda 21 bila kugusa yaliyo katikati, na kwao Java hubadilika baada ya miaka miwili au zaidi, hata kama Oracle imetoa matoleo manne katika kipindi hicho.