Anayesema “aks” hajakosea Kiingereza

Kwenye vijiwe vya waongoza watalii hapa Arusha, utasikia mgeni akichekwa kwa kusema aks badala ya ask: eti hajasoma huyo. Si kweli, na inaniuma, maana anayechekwa mara nyingi ni Mmarekani mweusi.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kitenzi hiki cha kuuliza kiliandikwa kwa sura mbili, ascian na acsian, na zote zilikubalika. Chaucer, mshairi mkubwa wa karne ya 14, aliandika axe, yaani aks kwa tahajia ya wakati huo. William Tyndale naye, alipotafsiri Agano Jipya mwaka 1526, aliweka axe kwenye Mathayo 7:7, pale sisi tunaposoma “Ombeni, nanyi mtapewa”. (Waingereza hutumia kitenzi hichohicho kwa kuuliza na kwa kuomba.) Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikaja na aske. Yaani aks ilishaingia kwenye Maandiko kabla ya hapo!

Sauti kupishana hivyo ni jambo la kawaida: wasp, yaani nyigu, nayo iliwahi kuwa wæps.

Baadaye ask ikashika vitabu na shule. Aks ikabaki vinywani mwa watu, ikavuka bahari na walowezi hadi Marekani na Karibi, na Waafrika waliofanywa watumwa huko wakaipokea, wakairithisha watoto wao.

Kwenye mtihani andika ask, ndiyo sanifu ya leo.