Mfungo Usubiri, Hospitali Kwanza: Maswali na Majibu Kuhusu Ugonjwa wa Kula

Makanisa ya hapa Moshi yanapotangaza mifungo, iwe Kwaresima au zile siku 21 za mwanzo wa mwaka, sisi wauguzi wa afya ya akili huwa tunajua kitakachofuata. Analetwa binti, mara nyingi wa sekondari au chuo, amevaa sweta mchana wa Februari, mikono ya baridi, na mama anaeleza kwamba binti alifunga pamoja na wenzake ila wenzake walipofungua yeye hakufungua. Maswali yafuatayo yanatoka kwa wazazi, wachungaji na mabinti wenyewe. Mengine nimeyajibu hadi nimechoka, lakini nayajibu tena.

Ugonjwa wa kula ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa akili unaojitokeza kwenye chakula na uzito. Kuna aina tatu za kuzijua. Kwenye anoreksia mtu anajinyima chakula na kukonda, na bado akijitazama kwenye kioo anaona mtu mnene. Kwenye bulimia anakula chakula kingi mno kwa siri, kisha anajitapisha au anakunywa dawa za kuharisha. Aina ya tatu ni kula kingi vilevile, bila kuweza kujizuia, ila hajitapishi; anabaki na aibu tu. Unaanza zaidi kwenye umri wa balehe na ujana. Wavulana nao wanaugua, wanachelewa tu kuletwa.

Huu si ugonjwa wa wazungu?

Hapana. Hapa kwetu unaishi kwa majina mengine. Unaitwa vidonda vya tumbo, unaitwa pepo, unaitwa kurogwa na shangazi. Majirani wakiona binti amekonda wananong'ona kwamba ana ukimwi, familia inampima VVU, majibu yanatoka hana, basi suala linafungwa. Wakati huo mtoto hajaona hedhi tangu mwaka jana na hakuna aliyemuuliza.

Tumeamua familia nzima tufunge kumwombea, na yeye anafunga pamoja nasi. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Nyinyi fungeni. Yeye asifunge.

Naomba nieleweke. Mtu mwenye ugonjwa wa kula hafungi. Hafungi nusu siku, hafungi "ule wa Danieli wa mboga na maji tu", na kufunga kavu bila hata maji ndiyo kabisa asiguse. Kwa mtu mzima wa afya, mfungo una mwanzo na mwisho. Kwa huyu, mfungo unampa ruhusa takatifu ya kufanya kile ambacho ugonjwa unamwamuru kila siku, tena watu wakimsifu. Nimesikia binti akiambiwa mbele ya kikundi cha maombi kwamba yeye ndiye shujaa wa mfungo, ameenda siku zote bila kuteleza. Yule mtoto alikuwa na mapigo ya moyo arobaini na kitu kwa dakika.

Akisema "lakini mama, mimi namfungia Mungu", usibishane naye kuhusu Mungu. Mwambie utafunga wewe kwa niaba yake, yeye ale.

Mchungaji amesema ni pepo. Tumalize maombi kwanza, halafu twende hospitali?

Hapana. Nendeni hospitali, na maombi yaendelee njiani, kwenye benchi la kusubiri na wodini. Hakuna muuguzi atakayewazuia.

Hili neno "kwanza" ndilo linalotuletea watoto wamechelewa. Maombi kwanza, mkesha kwanza, mtumishi anayekuja kutoka Dar kwanza, tumalize zile siku 21 kwanza. Moyo unaokosa chakula unapungua misuli kama mkono unavyopungua. Mapigo yanashuka, presha inashuka, joto la mwili linashuka, mifupa inadhoofika, na damu inaishiwa madini yanayoendesha moyo. Hayo yote yanaendelea mkiwa mnasubiri. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na wengi wa wanaokufa wanakufa kwa moyo au kwa kujiua.

Mnaonukuu Biblia kunijibu, someni Marko sura ya 5 mpaka mwisho. Binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, ameinuka na watu wote wameshangaa. Agizo la mwisho la Yesu pale nyumbani ni kwamba apewe chakula. Eliya naye, chini ya mretemu, alipokuwa ameomba afe, malaika hakumletea ratiba ya mfungo. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili akamwamsha ale tena. Safari yake ya siku 40 ilikuja baada ya kula.

Na tunaishi Kilimanjaro jamani. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na shirika la makanisa lenye jina la Msamaria Mwema. Kanisa lenyewe lilijenga hospitali, wewe unamzuia mtoto asifike huko kwa jina la kanisa?

Mimi ni Mkatoliki. Nisipofunga Jumatano ya Majivu si natenda dhambi?

Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1252, inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na siku za mfungo wa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa halazimiki. Wewe ni mgonjwa. Ukiona moyo bado unakusuta, mwendee Baba Paroko na umweleze ukweli wote, pamoja na kutapika, usimwambie tu "ninapenda kufunga". Mtakatifu Katarina wa Siena, ambaye wengi wananitajia kama mfano, aliishi kwa kujinyima kupita kiasi na alifariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Hata yeye waungamishi wake walimwagiza ale.

Binti yangu hajakonda. Anaimba kwaya, anasoma vizuri. Ila baada ya kula anakimbilia chooni.

Mama, huyo ni mgonjwa. Wenye bulimia wengi wana uzito wa kawaida, ndiyo maana wanakaa miaka bila kujulikana. Mwangalie mikono: vifundo vya vidole anavyoingiza kooni vinaweza kuwa na makovu au ngozi ngumu pale vinapogonga meno. Mashavu yanavimba chini ya masikio, mtu anadhani amenawiri. Meno yanalika kwa ndani kwa sababu ya asidi ya tumbo. (Akitapika asukutue kwa maji tu, asipige mswaki hapohapo, atayamaliza.) Bomba la bafuni linafunguliwa muda mrefu ili sauti isisikike.

Anayejitapisha au kunywa dawa za kuharisha anapoteza potasiamu, mojawapo ya yale madini yanayoendesha moyo. Potasiamu ikishuka sana, moyo unaweza kusimama ghafla, bila kujali amekonda au hajakonda. Kwa hiyo asubiri nini? Apimwe damu na apimwe umeme wa moyo (ECG). Na hizo chai za "kukata tumbo" mnazonunua sokoni kwa ajili ya send-off na kitchen party, nyingine ni dawa za kuharisha zenye maua kwenye pakiti. Zitoeni ndani ya nyumba.

Basi tumlishe. Bibi yake Kibosho ameshaandaa mtori wa kutosha.

Bibi apunguze mwiko kidogo. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula ghafla, mwili unavuta fosfeti na madini mengine kutoka kwenye damu kwa kasi, na moyo na mapafu vinaweza kushindwa kazi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wapo wafungwa waliotolewa kambini wakiwa na njaa kali, wakapewa chakula kingi kwa huruma, wakafa. Kama amekonda sana au amekaa siku nyingi bila kula cha maana, mlo wa kurudi uanze chini ya usimamizi wa hospitali, kidogokidogo, akipewa vitamini B1 na kupimwa damu mara kwa mara. Mtori utakuja, na ni chakula kizuri sana kwa kurudisha nguvu. Uje kwa kipimo.

Kama mchungaji, nifanye nini? Sitaki kuingilia kazi ya daktari.

Asante kwa kuuliza, Mchungaji. Una kazi ambayo sisi wa kliniki hatuiwezi, kwa sababu tunamwona mgonjwa nusu saa na wewe unaishi naye.

Kwanza tamka madhabahuni kwamba wagonjwa hawafungi. Taja kisukari, taja wajawazito, taja na wenye ugonjwa wa kula. Sentensi moja ikitoka kinywani mwako ina nguvu kuliko mabango yangu yote.

Pili, acheni kupima watu viuno hadharani. Nimeshuhudia sare za kwaya zikishonwa: fundi anasimama mbele ya wote na futi yake, anatangaza namba kwa sauti, na mwalimu wa kwaya anaongeza, "Huyu dada atatumalizia kitambaa." Wote wakacheka. Msimu wa kipaimara nao ni vilevile. Mtoto wa miaka 14 ameambiwa gauni halitamkaa asipopungua, na mama ndiye aliyesema. Utani wa namna hiyo haumwingii kila mtoto, ila kuna mmoja anaondoka nao nyumbani.

Tatu, chagua mtu mmoja au wawili wa kukaa naye wakati wa chakula. Hii ndiyo huduma yenyewe. Wanajumuiya wanaweza kupokezana. Sala ya chakula iwe fupi, kwa sababu huyu mtu sahani ikiwa mbele yake yupo vitani na sala ndefu inampa nafasi ya kuchomoka. Ongeeni habari nyingine, mvua, mpira, harusi. Msihesabu matonge yake. Msimwambie "umenawiri", maana yeye anasikia "umenenepa". Akimaliza, mkae naye karibu saa moja hivi ili asiende kutapika. Mtamwona akisukuma ndizi huku na huku kwa kijiko, akikata nyama vipande vidogo kama vya kulishia kifaranga, akificha kwenye leso. Msimfokee. Mwambieni "tupo, malizia taratibu".

Halafu, tafadhali, usimfanye atubu ulafi. Anayekula kwa mkupuo hafanyi hivyo kwa raha. Mara nyingi mwili uliokuwa na njaa ndio umemshinda. Ukimpa toba, atalipa kwa kujinyima, kisha njaa itamrudisha kwenye sufuria, kisha chooni.

Shikamoo mama. Nimeomba miaka miwili Mungu aniondolee hii hali. Imani yangu ni ndogo?

Marahaba mwanangu. Hapana. Mwenye malaria anayemeza dawa mseto hatuulizi ukubwa wa imani yake, na wewe hatutakuuliza.

Unaweza kuomba na bado ukahitaji mtu wa kukaa nawe mezani. Mabinti wengi wananiambia sala imewasaidia kwenye jambo moja hasa, kuvunja usiri: walimwambia Mungu, wakapata nguvu ya kumwambia mama. Fanya hivyo wiki hii. Ukishindwa kumwambia mama, mwambie matroni, mama mdogo, sista au mama mchungaji. Na ukija kliniki, usinywe lita ya maji kabla ya kupanda mizani, wala usijaze sarafu mifukoni. Tunajua, na hatutakugombeza, ila namba ya uongo itanifanya nikuruhusu nyumbani siku ambayo ungepaswa kulala wodini.

Kama kuna mawazo ya kutaka kufa, usisubiri wiki hii. Mwambie mtu leo.

Kuna dawa? Atapona?

Hakuna kidonge cha kuponya anoreksia. Tiba ni chakula, mazungumzo na mtaalamu, na kwa vijana wazazi kushika usimamizi wa milo kwa muda. Kwa bulimia, fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona, husaidia baadhi ya watu wazima. Wengi wanapona. Inachukua miezi, mara nyingi miaka, na kurudi nyuma kupo. Ushuhuda madhabahuni usubiri. Msimsimamishe mbele ya watu mwezi wa pili aseme ameponywa, halafu mwezi wa nne aogope kuwaambia kwamba ameanza tena.

Dalili zipi ni za kwenda leo leo?

Kuzimia. Mapigo chini ya 50 kwa dakika akiwa macho ametulia (weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima). Maumivu ya kifua au moyo kwenda ovyo. Misuli kukakamaa au kuishiwa nguvu. Kutapika damu. Kukataa hata maji. Miguu kuvimba baada ya kuanza kula. Kuzungumzia kifo. Ukiona mojawapo, usiku au mchana, siku ya mfungo au ya sikukuu, nenda.

Tukifika tuseme nini?

Moshi kuna Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Wa vijijini anzieni kituo cha afya mpate rufaa. Mkifika dirishani msiseme "tumbo linamsumbua", maana mtapewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, na nimeona hivyo zaidi ya mara moja. Semeni: amekuwa akijinyima chakula tangu mwezi fulani, au anajitapisha, uzito ulikuwa huu sasa ni huu, hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anatumia dawa gani za kuharisha. Ombeni apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama, umeme wa moyo, sukari, na damu kwa potasiamu na fosfeti. Ombeni pia aonwe na watu wa afya ya akili kabla hamjaondoka. Mchungaji akitaka kuja nanyi, aje, na abebe uji kwenye chupa, kwa sababu foleni ni ndefu na mgonjwa wenu asikae muda wa saa nne bila kula. Aanze na nusu kikombe.