Raha si mtoto wa furaha

Jumamosi iliyopita chama chetu hapa Nyalenda, Kisumu, kilimwalika mwezeshaji atufundishe namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Alisema vizuri mpaka alipofika kwenye kazi za nyumbani. "Osheni vyombo kwa furaha," akatuhimiza, "maana neno lenyewe linawaambia: ndani ya furaha mna raha!" Kina mama wakapiga makofi. Mimi nikabaki na kikombe cha chai mkononi, nikihesabu: mara ya nne mwaka huu kusikia hilo.

Maana ya dhana yenyewe haina maneno mengi. Kuona raha katika kazi ndogo ndogo ni kuiacha akili ikae pale mikono ilipo. Unachambua mboga ya sagaa, basi uko na sagaa, si na karo ya muhula ujao. Siku hizi watu huita umakini, na mafunzo yake yana mizizi kwa Wabudha. Neno lao la Kipali, sati, kwa asili ni kukumbuka, kwa hiyo anayekwambia uondoe mawazo yote kichwani amekupotosha kidogo. Unakumbuka unachofanya, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani akapita kwenye mpira bila kusimama.

Sasa hili la raha.

Furaha na raha zote tumezitoa Kiarabu, ila kila moja ina ukoo wake. Furaha ni farah, shangwe, moyo kuruka. Raha ni mapumziko, na shina lake ndilo lililozaa ruh, yaani roho yetu, na rih, yaani upepo. Humo humo ndimo ilimotoka istiraha, nasi tukapata starehe. Mtu akisema yuko raha mustarehe amelitaja shina moja mara mbili, na wala hakosei, anakazia tu. Lakini furaha haimo katika ukoo huo. Kufanana kwake na raha ni kwa sauti tu, kama paa la nyumba na paa wa porini.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba Kibantu kilipita njia hiyo hiyo bila kuelekezwa na mtu. Tuna pumzi, tuna kupumua, tuna kupumzika. Waarabu walianzia kwenye upepo wakafika kwenye raha, sisi tukaanzia puani tukafika kitandani. Na tukienda matanga ya Wakatoliki tunasikia sala: raha ya milele umpe, ee Bwana. Hakuna anayedhani marehemu anaombewa disko.

Hata sarufi inajua. Furaha tunakuwa nayo, au tunajawa nayo. Raha tunaiona. Sijamsikia mtu akisema ameona furaha baada ya kuvua viatu.

Mtaniuliza, tofauti hiyo inamsaidia nini mwenye vyombo vichafu? Inamsaidia sana. Ukiniamuru nifurahie sufuria iliyoganda ukoko wa ugali, saa nne usiku, stima imepotea, umeniongezea kazi ya pili: nisugue na nitabasamu. Nisipofurahi nitajiona nina kasoro, na hapo msongo umezidi badala ya kupungua. Raha hainidai hivyo. Maji ni ya uvuguvugu, povu limefika viwikoni, mkono unaijua njia yake kuzunguka sufuria, upepo wa ziwa unaingia dirishani, na kwa dakika kumi nzima hakuna anayeniita mama fulani, soksi zangu ziko wapi. Shangwe sina. Ila mabega yameshuka, na pumzi nayo imeshuka mpaka tumboni.

Kwa hiyo, dada yangu mwezeshaji, siku ile nilinyamaza kwa adabu, na pia kwa sababu chapati zilikuwa zinapoa. Ukirudi mwezi ujao, tuambie tu tuoshe vyombo tuone raha. Furaha tuwekee harusi na siku ya matokeo ya mtihani. Na hiyo sufuria ya ugali, iloweke kwanza.